Magunia Kutoka Bara Hindi

Niliomba vita visiishe. Jambo hilo sijalitamka mbele ya mtu yeyote, hata kanisani. Wengine waliomba mvua, wengine waliomba watoto wao warudi kutoka vitani Bama, yaani Burma. Mimi niliomba meli zisifike Mombasa.

Kwanza mume wangu alikufa. Kichomi kilimshika wakati wa mvua, na kabla wiki haijaisha tulikuwa tumemzika kwao Matulo. Matanga yalipokwisha wazee wa ukoo walikaa, wakaamua ndugu yake anirithi. Ndiyo ilikuwa desturi, hakuna aliyeshangaa. Huyo mulamwa wangu, yaani shemeji, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili, ng'ombe wa kutosha, na sauti ya upole. Lakini sikumtaka, na nikasema hivyo mbele ya wazee. Mama yangu! Walivyonikaripia! Mwishowe waliniwekea sharti: nikae Kitale na binti yangu muda wote nitakaoweza kujilisha mwenyewe. Siku nitakayoshindwa, nirudi kwa mulamwa bila maneno tena. Nikakubali upesi kabla hawajabadili nia.

Kitale nilipangishwa chumba na mama mmoja Mwislamu karibu na msikiti, mjane kama mimi, mrefu, mwenye mdomo mwepesi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye ghala la mahindi kando ya stesheni, alikokuwa akishona magunia. Unachukua gunia kuukuu, unaliinua kuelekea mlangoni, na mwanga unakuonyesha kila tundu. Unaligeuza, unakata kiraka kutoka gunia lililokufa kabisa, unashona kwa sindano ndefu na uzi wa katani. Vumbi lilitukohoza na wadudu wa mahindi walituingia shingoni. Nyapara alikuwa akijaza gunia mahindi na kulipiga teke. Punje moja ikitoka, unarudia lote. Jumamosi tulipewa posho ya unga na shilingi zetu chache. Binti yangu akala, nami nikalala usingizi.

Siku moja nilimwuliza nyapara kwa nini tajiri hanunui magunia mapya. Akanicheka.

"Wewe! Gunia hatutengenezi hapa. Inatoka Bara Hindi, inakuja na meli. Sasa meli zinapigwa huko baharini. Mahindi iko, gunia hakuna. Nyinyi ndio kiwanda sasa, bana."

"Na vita vikiisha?"

"Vikiisha, si mnaenda nyumbani?"

Siku hiyo nilishona vibaya, nikarudishiwa magunia mawili. Nilikuwa nafikiria kwamba huko Bara Hindi lazima yupo mwanamke anayekaa mbele ya gunia kama mimi. Meli zisipotoka, mimi nakula, na yeye je? Nilimhurumia kweli. Lakini nikamwambia moyoni, pole dada, kaa huko huko.

Ugumu ulikuwa kwa yule mama mwenye nyumba. Mwanawe wa pekee alichukuliwa jeshini, akapelekwa Bama, na barua zake zilichukua miezi. Tulikaa bega kwa bega ghalani. Kila asubuhi kabla ya kutia uzi kwenye sindano alisema, "Ya Rabi, vita vimalizike, mtoto wangu arudi." Halafu ananisukuma kwa kiwiko. "Sema amina, we Mkristo! Ama Mungu wako amelala?"

Nikasema amina. Moyoni nilikuwa nasema, mtoto arudi, vita vibaki. Najua hayo mawili hayaendi pamoja. Kuna wakati barua ilichelewa mno, akalia juu ya gunia lake mpaka likalowa. Nilimshika mkono, nikajiona mchawi.

Dua la kuku halimpati mwewe. Vita viliisha. Mji mzima ulitoka barabarani: kengele, ngoma, Wazungu wamelewa mchana kweupe mbele ya hoteli yao. Yule mama alikuja mbio bila viatu, akanikumbatia. "Mungu ametusikia! Ametusikia sote wawili!" Nikalia. Akadhani ni furaha, akanipangusa machozi kwa leso yake mwenyewe. Nilimwambia kichwa kinaniuma, nikaingia ndani nikajifungia.

Magunia hayakuja mara moja. Tulishona miezi mingine mingi, hata nikaanza kuamini kwamba huko yanakotoka wametusahau. Ndipo behewa likafika na marobota yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, yananuka mafuta ya mashine. Nyapara alifungua moja. Nilichukua gunia nikaliinua kuelekea mlangoni. Sikuona hata tundu moja, na nililitafuta kwelikweli.

"Kazi ilikuwa mzuri, akina mama," nyapara alisema. "Acheni sindano hapo, ni za tajiri."

Nilitafuta kazi nyingine. Nilibisha hodi jikoni kwa Wazungu, nikaenda kwa miguu hadi mashamba ya upande wa Kachibora, wakaniambia msimu wa kuchuma umepita. Yule mama alinilisha bila kudai kodi. Kisha mwanawe akarudi, mzima, Mungu ashukuriwe, na alitaka kuoa. Chumba kilihitajika. Mama hakunifukuza, ila alishindwa kunitazama usoni, nami nikaelewa.

Mulamwa alikuja siku ya soko. Sikumwita, habari za magunia zilikuwa zimefika Matulo zenyewe. Hakunicheka wala hakunikumbusha maneno ya wazee. Aliomba maji, akanywa, akamtazama binti yangu.

"Mulamwa," akasema, "mtoto amekonda. Twende nyumbani."

Ilikuwa kweli, alikuwa amekonda. Nikafunga vyombo vyangu, tukapanda lori.

Nilimzalia watoto wanne. Nawapenda, na yeye mpaka alipokufa hakuniinulia mkono hata siku moja. Lakini wanangu wakisimuliwa jinsi watu wa Kitale walivyocheza barabarani siku vita vilipoisha, huniuliza, "Mama, si wewe ulikuwa huko? Ulicheza?"

Huwaambia nilikuwa mgonjwa.