Gari Jeupe la Kupokea Wageni

Juzi nilipita Ingleburn, hapa Sydney, mbele ya gereji ya yule fundi Mkenya, nikajikuta nimepunguza mwendo. Nilijua fika halipo, lakini macho yalilitafuta tu lile gari letu jeupe la viti vinane, ambalo mlango wake wa ubavuni haukufunguka mpaka uusukume kwa goti.

Baba alilinunua likiwa limeshachoka, hata mwaka hatujamaliza kwenye kitongoji chetu cha Campbelltown. Siku za kazi lilimpeleka bandarini Port Botany, kwenye kazi ya makontena. Sisi watoto tulilijua kwa kazi yake nyingine: familia ikitua Sydney kutoka kwetu Kongo, ndilo lililokwenda kuipokea. Mimi nilikung'uta mazulia na kukunja mablanketi, maana wageni walikuja na sandali katikati ya baridi ya Julai. Bibi, ambaye sote tulimwita Koko, alikaa mbele amepakata sufuria ya sombe, yaani kisamvu, iliyofungwa kwa kitenge. Gari zima lilinukia mawese. Njaa iliniuma, lakini kuonja kabla ya mgeni? Thubutu!

Siku moja Koko alisikia mama mmoja akimbembeleza mtoto kwa Kiswahili pale uwanja wa ndege. Hata jina hakuuliza. Alimkumbatia, akalia, akampandisha garini na wanawe, naye mama wa watu akadhani sisi ndio tuliotumwa kuwapokea. Kumbe ni Warundi, na wenyeji wao wanawatafuta! Tuligundua wakati bugali umeshakwisha mezani. Baba alirudi mbio kuwachukua wageni wetu, na jioni ile tulikula wote pamoja, tukicheka mpaka mbavu zikauma.

Halafu ikaja korona, mipaka ikafungwa. Mama mdogo, kitinda mimba wa Koko, alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi na viza mkononi, lakini ndege hakuna. Gari likakaa uani miezi mingi. Macho ya baba yalikuwa yamefifia, kwa hiyo funguo zilikuwa zangu. Nilipoliwasha, likakoroma na kugoma kuingia gia. Likavutwa hadi gereji, na fundi akanipigia simu.

"Sista, nikuambie ukweli. Gearbox imeisha, na chini kumeoza. Honestly, it's not worth it. Tafuta kengine kadogo."

Koko alikuwa anasikiliza. "Na mutoto wangu akifika," akaniuliza, "tutaenda kumupokea na nini?"

Nilimjibu kwamba mipaka haifunguliwi leo wala kesho. Zamu za kutunza wazee zilikuwa zimenimaliza, nikitaka angalau jambo moja liishe. Nikamwambia fundi aliuze kama chuma chakavu, nikanunua kagari kadogo ka viti vitano.

Mipaka ikafunguliwa, mama mdogo akaja na watoto watatu. Hesabu viti mwenyewe. Ningeweza kuazima gari la jirani, ila nilitoka zamu nikapitia nyumbani mbiombio, na wazo lenyewe lilinijia nikiwa tayari barabarani kwenda uwanja wa ndege. Koko nilimwacha mlangoni, amevaa kitenge kipya, sufuria mikononi.

Mama mdogo alinikumbatia, kisha akaanza kuangalia nyuma ya bega langu.

"Mama iko wapi?"

Siku hizi wageni wanakuja kwa teksi, tunawaona Jumapili kanisani. Ninalililia gari lile kuliko ninavyoweza kusema. Siku ile tulipofika, Koko alimshika mwanawe muda mrefu, kisha akairudisha sufuria jikoni. "Imepoa," alisema, basi. Laiti angenigombeza.