Lenzi ya Biblia Supamaketini

Daktari wa Kajiado alituambia kwamba moyo wa mke wangu umechoka, na kwamba chumvi inauongezea mzigo. Siku hiyo hiyo tukaitoa chumvi jikoni. Kila jioni nilimshukuru Mungu kwa chakula kisicho na chumvi, naye akaitikia amina. Dawa alimeza bila kukosa. Lakini presha haikushuka, na miguu ilizidi kuvimba hata viatu vya kanisa vikamkataa.

Muuguzi wa kliniki akaniuliza, "Mzee, mboga mnatia nini?"

"Nyanya, kitunguu, na ule unga wa mchuzi wa pakiti."

Katika ushirika wetu wa kanisa kila mama huunyunyiza kwenye sufuria, na hakuna anayeuhesabu kuwa chumvi.

"Soma nyuma ya pakiti," akasema. "Kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote."

Tuliporudi Kitengela tukaingia supamaketi. Maandishi yalikuwa madogo kuliko ya Biblia yangu, basi nikatoa lenzi ninayosomea Neno, nikainamia rafu. Mbele ya pakiti palichorwa nyanya nyekundu na dania mbichi. Nyuma, neno la kwanza lilikuwa chumvi. Nyanya niliikuta karibu na mwisho.

"Baba, twende," mke wangu akaninong'oneza. "Watu watasema umekuja kuhubiria viungo."

"Wacha waseme. Sogea uone."

Alisoma kimya, kidole chini ya mstari. Kisha akacheka. "Na vile umekuwa ukiombea hiyo sufuria!"

Hatukutoka haraka. Tulilinganisha mikate, maharagwe ya kopo na siagi ya mkate, tukiangalia chumvi na mafuta katika kila gramu mia. Vingine tulivirudisha kwenye rafu.

Wiki hiyo ushirika ulikuwa kwetu. Jirani mmoja akaja jikoni na pakiti yake mkononi. Mke wangu akamzuia kwa upole.

"Dada, leo ni limau na dania tu."

"Mama, si itakuwa chapwa!"

"Iwe chapwa, na mimi niwe hapa."

Jirani akairudisha pakiti kwenye mkoba. Niliposhukuru kwa chakula siku hiyo, nilijua ninachoshukuru. Kilikuwa chapwa kweli. Tukakimaliza.

Lenzi bado naibeba kila tunapoenda dukani. Na Jumapili moja, baada ya subira ndefu, viatu vyake vya kanisa vikamwingia.