Mafuta ya Nazi Kwenye Distribyuta

Enzi zetu hakukuwa na kubembelezwa. Mwaka 1954, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alikufa kwa homa, nikatolewa chuoni kwa mwalimu wa Kurani nikiwa juzuu ya tatu. Mama na dada zangu wawili wakawa wanakula kwa mikono yangu. Vijana wa leo wana miaka thelathini na bado mama zao wanawauliza kama wameshiba!

Bwana Shee, tajiri wa mtaa wetu, alinunua gari Mombasa akalileta Amu, mji wetu wa kisiwani ambao ndia zake ni nyembamba, punda wawili hawapishani. Watu walicheka hata wakakaa chini. Bodi ikawa banda la kuku, injini ikafungwa kwenye mashua ya abiria waendao bandari ya Mtangawanda, nami nikawa mtu wa injini. Fundi aliyeifunga alinionyesha distribyuta, kile kikombe cheusi kinachogawa moto kwa plagi, kila moja kwa zamu yake, na ndani yake pointi, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana. Akasema, "Pointi zake zifute kavu. Ukikizungusha kikombe, unene wa ukucha tu."

Bwana Shee hakuwako, alikuwa barazani akinywa kahawa. Yeye kila kitu alikipaka mafuta ya nazi: kufuli, bawaba, ndevu. Asubuhi moja akapaka na pointi. Injini ikagoma. Akakizungusha kikombe kama afunguaye mtungi, ikazidi kugoma, na abiria wamejaa.

"Mwana huyu meniulia mashini!" akafoka Bwana Shee, akininyoshea kidole.

"Tushuke tuisukume, Bwana Shee?" akauliza Bi Rukia, muuza mikate. "Si gari hii?"

Nikavua kofia, nikafutia pointi mpaka zikakauka. Nikakirudisha kikombe ukucha kwa ukucha, nikapiga hendeli. Mara ya nne ikanguruma.

"Mwaona?" Bwana Shee akawaambia abiria. "Nimemfundisha mimi."

"Hukunifundisha. Mafuta umetia weye."

Akanizaba kofi, akanishusha pale pale. Abiria wakatazama mbele, Bi Rukia akapanga mikate yake. Mashua ikaenda zake kwa kazi yangu. Usiku ule tulilalia uji mtupu. "Ungenyamaza, mwanangu," mama akasema. Mpaka leo nasema: nisingenyamaza!

Siku hizi injini ikigoma, fundi kijana anapiga picha kwa simu, anaagiza distribyuta nzima. Kufuta hajui. Ukimwonyesha: "Mzee, hiyo ya kizamani." Ya kizamani ndiyo iliyonipa kazi kwa wenye mashua wengine, ikalea dada zangu!

Leo nina mashua tatu za injini, karakana ya mabati, nyumba ya mawe ya ghorofa moja, na minazi arubaini Matondoni. Katika mashua zangu hajashushwa mtu kwa kusema kweli.