Futa, Walaal, Futa!

Jamani, nina aibu moja ambayo hata nikienda Garissa leo watu wananiita kwa jina lake, "Futa", na nikiitwa naitika, maana nitafanyaje?

Miaka ya tisini nilikuwa fundi magari pale mjini, mtu wa kuja kutoka Voi, na rafiki yangu Abdi alikuwa anajijengea ndege ya viti viwili nyuma ya gereji (ndiyo, ndege, na injini yake ya gari dogo). Kwa kuwa jua la kule halina mchezo, tulifunga rejeta mbili puani, kubwa ya maji na ndogo ya kupoza oili. Mpira wa oili wenyewe ulikuwa kwenye lori la Nairobi, na lori limekwama njiani likingoja msafara wa polisi, basi mimi nikakata kipande cha mpira wa pampu ya shamba la Balambala, nikakikaza kwa klipu, nikasema kitatosha. Mpira wa maji, jamani, kwenye oili ya moto!

Haraka ilikuwa ya nini? Adeer Yusuf (adeer ni ami, ndivyo wazee wa kule wanavyoitwa kwa heshima) alikuwa amekuja kutoka Wajir kuona kama huyu Abdi anayemtaka binti yake ana akili timamu. Tukaifunga ndege kwa kamba kwenye mgunga, nikaingia mimi kuwasha, na kuzima ni kuvuta waya tu. Abdi akabaki nje kuchungulia mipira. Mzee akasimama kando ya bawa, kanzu nyeupe pe, ndevu zina hina.

Injini ikanguruma vizuri hata mzee akatabasamu. Halafu mpira wangu ukalainika, ukachomoka, oili ikapeperushwa na panga linalozunguka mbele ikatapakaa kwenye kioo, na iliyobaki ikamwendea mzee.

"Futa, walaal, futa!" Abdi akapiga kelele (walaal ni ndugu kwa Kisomali).

Nikafuta. Nikachomoza nje nikafuta kioo kwa kitambaa, kitambaa kikalowa, nikavua shati nikafuta kwa shati, na Abdi anarukaruka, "Futa haraka, injini inakufa!", nami najiuliza kufuta kioo kunaiponyaje injini. Ni mzee aliyepaza sauti, "Zima!", ndipo nikaukumbuka ule waya, nikauvuta. Kumbe vuta! Abdi, kama wengi wa kwao, v yake ni f, nami nakula naye sahani moja kila siku na nimesahau.

Nikashuka kifua wazi. "Mfute adeer!" akaniambia, na mimi sasa nimeshajanjaruka: nikamshika mzee mkono nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Akateleza, akakaa kwenye dimbwi la oili.

Abdi akashika kichwa. Nilitamani ardhi inimeze, maana nimemkosesha mwenzangu mke.

Mzee akajitazama, akanitazama, akacheka mpaka machozi. "Hii kijana iko na akili," akasema akimwonyesha Abdi, "injini imebona (p nayo kwao ni b). Lakini hii fundi yako, wallahi, siku ya harusi isiguse kitu."

Harusini nilikaa pembeni, nimeshiba pilau, mikono nimeikalia, nimefurahi kuliko bwana harusi. Tangu hapo mpira wa maji haugusi oili yangu, na sishiki cha mtu mpaka anionyeshe kwa ishara. Siku hiyo ya harusi, mzee alipotaka kuinuka mkekani, akaninyooshea mkono.

"Futa, kijana."

Nikamtazama Abdi kwanza. Akanionyesha kwa ngumi, hivi, kuja kifuani. Nikamvuta mzee, polepole.