Ukuta wa bafu uliokuwa na njaa

Kabla ya kupaka chochote, fundi huyu hugonga ukuta kwa mpini wa mwiko na kutega sikio. Ndiyo maana wateja wanamwita Hodi. Vigae alifundishwa na kaka yake, aliyemweka kwenye kuchanganya saruji akiamini dada mtu atachoka upesi. Kaka siku hizi anauza magodoro. Hodi bado anagonga.

Safari hii alikuwa nyumbani kwa mwalimu mmoja anayemtarajia mama yake Jumamosi, akitoka hospitali baada ya upasuaji wa nyonga. Vigae vya zamani vilikuwa vimekwisha kubanduliwa. Hodi alikwangua mabaki ya saruji kwa patasi, akaosha vumbi, akauacha ukuta ukauke. Kilichobaki kilikuwa kuziba mashimo, kubandika vigae vipya na kufunga chuma cha kushikilia kando ya bomba. Bila chuma hicho mama asingeweza kusimama kuoga bila kushikwa na mtu.

Alipogonga kando ya bomba, sauti ikabadilika.

"Hapa pana njaa," alisema.

"Njaa?" mwalimu akauliza kutoka mlangoni.

"Sikiliza. Kule kumeshiba. Hapa ndani hamna kitu."

Mwalimu akaweka sikio, akagonga kwa kidole. "Au panya?"

"Panya hapigi plasta, dada."

"Basi bandika tu juu yake. Mama anakuja keshokutwa!"

"Kubandika nitabandika. Mama akijivuta, chuma kikang'oka na ukuta, utaniita tena?"

"Haya, toboa. Lakini usianze mpaka nilete tochi."

Plasta ilidondoka kwa vipande vikubwa. Nyuma yake kulikuwa na plaiwudi iliyooza, na nyuma ya plaiwudi, fremu ya dirisha dogo. Upande wa nje lilikuwa limezibwa kwa bati lililopakwa rangi ya nyumba.

"Nimekulia humu," mwalimu alisema, akimulika kila pembe. "Siku zote nilidhani lile bati linafunika mabomba. Sasa nani aliziba, na kwa nini?"

Hodi naye alitaka kujua, ila kazi ilikuwa inamngoja. Kuliziba tundu lile kwa tofali, kusubiri likauke na kubandika vigae kungepita Jumamosi. Akagonga ukuta wa pembeni, juu hadi chini, akaridhika. Akafunga chuma huko, skrubu zikazama kwenye tofali. Kisha akaning'inia hapo kwa uzito wake wote, na Hodi si mwembamba.

Jumamosi, Hodi akiwa bado anakusanya vifaa, mama aliingia na mkongojo, akaona kuta tupu na kipande cha pazia juu ya tundu.

"Nani kafungua dirisha langu?"

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nisijue vipi? Baba yako alikuwa akiimba humu kila asubuhi. Jirani akawa anamsahihisha kutoka uani kwake. 'Panda juu kidogo, mzee! Sasa umeshuka mno!' Siku moja baba yako akatoka na sabuni kichwani, akatafuta nyundo."

Hodi alicheka hadi akaegemea mlango. "Akaacha kuimba?"

"Wapi! Aliacha kusahihishwa."

Mama akampa binti mkongojo, akashika chuma kwa mikono miwili. Akakivuta taratibu, kisha kwa nguvu. Hakikutikisika.

"Vigae vitasubiri," alisema. "Tokeni nioge."