Kapteni wa Kabati la Vyombo

Mtaa mzima ulimwita Kapteni, ingawa kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia na ndani ya ndege hakuwahi kutia mguu. Cheo alikipata kwa sababu ya kabati la sebuleni. Vikombe vya mkewe vilihamishiwa kwenye boksi chini ya kitanda, na kwenye rafu zikatua ndege za abiria za zamani, zile za mapangaboi, ndogo za kujaa kiganja, zilizomiminwa kwa chuma na kupakwa rangi. Kila Ijumaa alizipiga mswaki, mswaki laini, kwa upole ambao wateja wake wa meno hawakuwahi kuuonja.

Mgeni akiketi tu, kwisha habari yake. Ataelezwa kwa nini hii ina mapangaboi manne na ile mawili, kwa nini mabawa ya ile yamekaa juu ya madirisha, na jinsi waliobuni jeti walivyoiharibu dunia. Chai itapoa. Mkewe atapita na sinia akisema, "Pole, shemeji."

Binti yao wa pekee aliishi mbali, ng'ambo ya milima isiyopitika kwa gari. Kila alipomwalika baba yake, jibu lilikuwa lilelile: "Mwanangu, mtu anayejua ndege hapandi jeti. Tafuta ya mapangaboi, kesho nimefika." Kwa maneno hayo alikwepa mahafali, akakwepa hata harusi, na watu wakamsifu kuwa ni mtu wa msimamo. Mkewe, mwanamke wa kusitiri, hakumwambia yeyote kwamba Kapteni akipanda ngazi kubadilisha balbu ni lazima ashikiliwe miguu.

Kisha binti akajifungua, akapiga simu.

"Baba, huyu ndiye mjukuu wako wa kwanza. Na nimepata kampuni ndogo, bado wanarusha ya mapangaboi. Tiketi nimemtumia mama."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kapteni akakohoa. "Mangapi?"

"Mawili."

"Mimi hasa napenda yenye manne."

"Baba." Sauti ikabadilika. "Ya harusi niliyameza. Hili sitaliweza."

Kapteni aliona haya, haya ya kweli, mbele ya kabati lake mwenyewe. Mkewe akamwambia taratibu, "Twende. Nitakushika mkono. Huko juu hakuna anayekujua."

Wakaenda. Alifumba macho kabla hata mlango haujafungwa, akaukamua mkono wa mkewe kama nguo mbichi. Ndege ilipokwisha kutulia angani, mama mmoja wa kiti cha jirani akamgusa bega.

"Samahani, baba. Eti hii ni ndege ya aina gani?"

Mkewe akageuka kumtazama. Maisha yake yote Kapteni alikuwa akiwakamata watu kwa nguvu ili awajibu swali hilo.

"Sijui, mama," alisema Kapteni, macho bado kayafumba. "Mimi naenda kumwona mjukuu wangu."