Juu ya Kichwa cha Tembo

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu nje ya Bunda, niliambiwa kwamba tembo ni ndugu yangu. Sikucheka, kwa sababu aliyeniambia ni Bibi, na Bibi hakuwa mtu wa utani. Kila ukoo kwetu ulikuwa na mnyama wake, na wa kwetu alikuwa tembo. Hatukula nyama yake, hatukumrushia jiwe, na akipita tulisimama tukamwamkia kama mzee wetu. Mwiko mkubwa kuliko yote: usikae mahali palipo juu kuliko kichwa chake.

Majirani wa koo nyingine hawakuwa na undugu huo, kwa hiyo walikuwa huru kukimbia. Tembo walipotoka mbugani wakati wa mavuno, wao walipanda mnara wa tanki la maji wa kiwanda cha pamba kilichofungwa zamani. Walikaa huko juu na watoto wao, hata na kuku, mpaka tembo washibe mtama waondoke. Sisi tulibaki chini. Nikiri tu, niliwaonea wivu sana.

Siku moja Baba alikuwa amepeleka pamba Bunda mjini. Mimi na Bibi tulikuwa tunavuna mtama karibu na kiwanda, jua bado kali, tukasikia mabua yanavunjika. Mbele alikuwa jike mwenye ndama, masikio ameyapanua. Sikumbuki nilivyoufikia mnara. Nakumbuka kutu ya ngazi viganjani.

"Nyangi, shuka!" Bibi aliita. "Shuka tumwamkie. Unamdharau huyo!"

"Bibi, panda! Panda haraka!"

"Sisi hatupandagi. Huyu anatujuaga."

Angeweza kupanda. Miguu yake ilikuwa mizima, na ngazi ilikuwa hatua kumi tu kutoka aliposimama. Badala yake alijifunga khanga vizuri, akainama kidogo, akamwamkia kwa lugha yetu, kwa sauti ile ile aliyoniamshia asubuhi. Tembo akasimama. Kwa muda mfupi niliamini kila kitu nilichofundishwa. Kisha akainua kichwa, akaniona.

Yaliyofuata sitayasimulia. Baba aliporudi nilikuwa bado huko juu, na ilibidi apande mwenyewe kunishusha.

Matangani, nilipomsimulia nilichoona, shangazi yangu alinishika mkono. "Alikuwa ameshatulia," alisema. "Alipokuona wewe huko juu ndo akakasirika." Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali, ningepata la kumjibu.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafanya kazi Musoma. Najua jike mwenye ndama haulizi ukoo wa mtu. Najua kwamba ningeshuka, tungezikwa wawili. Nimejiambia hivyo miaka mingi na haijanisaidia hata kidogo. Mnara wenyewe haupo tena; watu walikata ngazi, kisha nguzo, wakauza chuma chakavu. Tembo bado wanakuja.

Mwaka jana walitukuta shambani kijijini, mimi na binti yangu. Aliniuliza tukimbilie wapi. Niligeuka kuangalia mnara ulipokuwa, nikaona anga tupu. Nilimshika mkono, nikainama kidogo, nikaanza kumwamkia yule wa mbele kwa maneno ya Bibi. Sikuwa na imani nayo tena. Pa kupanda hapakuwapo.